Enaji Seva, Tyubu au LED: Zebaki, Umeme na Taka kwa Nyumba za Unguja na Pemba

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme, kuanzia Darajani hadi Chake Chake, mnunuzi wa taa huwekewa mbele yake vitu vitatu: enaji seva ya msokoto, tyubu ya futi nne na glopu ya LED. Glopu ya waya haijatoweka kabisa, lakini inakula umeme kiasi kwamba hapa tunaitaja kwa kulinganisha tu. Jicho la mnunuzi huenda kwenye bei kwanza. Kinachosahauliwa ni kuwa mbili kati ya taa hizo zina zebaki, na siku zikivunjika zebaki hiyo haina pa kwenda ila chumbani mwako, jaani au baharini.

Msimamo wetu tuuseme mapema: ukinunua leo, nunua LED. Lakini nyumba nyingi, skuli na ofisi bado zina enaji seva na tyubu zilizofungwa zamani, na namna ya kuziondoa ina uzito zaidi kuliko haraka ya kuziondoa.

| | Glopu ya waya | Enaji seva | Tyubu futi 4 | Glopu ya LED |
|---|---|---|---|---|
| Wati | 60 | 14–15 | 36 (na choki, kifaa cha kudhibiti umeme wake, 45 hivi) | 8–9 |
| Mwanga (lumeni) | 700–800 | 800 hivi | 2,500–3,300 | 800 hivi |
| Zebaki | hakuna | mg 1–5 | mg 2–10, za zamani zaidi | hakuna |
| Umri (saa) | 1,000 | 6,000–10,000 | 8,000–20,000 | 15,000–25,000 |
| Uniti kwa mwaka | 110 | 27 | 82 | 16 |

Uniti za mwaka zimepigwa kwa taa inayowaka saa tano kila usiku. Chukua bei ya uniti kwenye risiti yako ya umeme ya TUKUZA, uizidishe kwa uniti hizo, utapata gharama ya taa moja. Tyubu isionewe hapo: inakula uniti 82 lakini inatoa mwanga mara tatu au nne ya nyengine, hivyo ukipima mwanga kwa kila wati iko mbele kidogo ya enaji seva. Ndiyo maana imedumu miaka mingi madarasani na hospitali.

Zebaki inafanya nini humo ndani

Ndani ya enaji seva na tyubu mna mvuke wa zebaki. Umeme ukipita, mvuke huo hutoa mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huigeuza mionzi hiyo kuwa mwanga. Bila zebaki taa ya aina hii haiwaki. Kwa hivyo muuzaji akikwambia ana "enaji seva isiyo na zebaki", ama anakuuzia LED ama hajui anachouza. LED haihitaji mvuke wowote. Mwanga unatoka kwenye vipande vidogo vya semikondakta vilivyopangwa juu ya bati la alumini.

Kiasi chake ni kidogo, na ni haki kusema hivyo. Mwaka 2013 Ulaya iliweka kikomo cha mg 2.5 kwa enaji seva za nyumbani zisizofika wati 30, na taa nzuri zilifika hapo au chini yake. Kipimajoto cha zamani cha zebaki kina kama mg 500, sawa na taa zaidi ya mia. Tukiwa hapohapo: mwenye nyumba anayeogopa taa, kisha ana krimu ya kung'arisha ngozi yenye zebaki juu ya meza, ameogopa kitu kidogo na kuacha kikubwa. Kopo la gramu 50 la krimu yenye zebaki sehemu 5,000 kwa milioni lina mg 250, na hiyo inapakwa mwilini kila siku.

Lakini udogo wa kiasi hauondoi hatari ya mvuke. Zebaki ya chuma ukiimeza, sehemu kubwa hupita tumboni bila kufyonzwa. Ukiivuta kwa pumzi, takriban asilimia 80 ya mvuke hubaki mwilini na kuingia kwenye damu, ikaelekea kwenye ubongo na figo. Wanaoumia zaidi ni mtoto aliye tumboni na watoto wadogo, ambao pia hutambaa na kukaa chini, pale pale taa inapovunjikia. Piga hesabu ya chumba cha mita tatu kwa tatu, urefu wa dari mita tatu: hewa yake ni mita 27 za ujazo. Lau mg 4 zote zingegeuka mvuke kwa mpigo na dirisha limefungwa, kila mita ya ujazo ingekuwa na mikrogramu 148, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa hewa ya kuvutwa mwaka mzima ni mikrogramu 1. Hazigeuki zote kwa mpigo; nyingi hung'ang'ania unga mweupe na kutoka kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Hapo ndipo ulipo umuhimu wa kufungua dirisha na kuondoa unga wote, na si vigae vikubwa vya kioo peke yake.

Hoja ya makaa ya mawe haitufai hapa

Kwa miaka mingi enaji seva ilitetewa hivi: mitambo ya makaa ya mawe inatoa zebaki kwenye moshi wake, enaji seva inapunguza umeme unaotumika, kwa hivyo hata ukihesabu zebaki iliyomo ndani ya taa, jumla inayofika kwenye mazingira inapungua. Kwa Marekani ya wakati ule, ambako sehemu kubwa ya umeme ilitoka kwenye makaa, hesabu hiyo ilikuwa sahihi.

Kwetu haikai. Umeme wa Unguja unavuka bahari kwa waya kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliowashwa mwaka 2010. Gridi ya Bara inaendeshwa hasa kwa maji na gesi asilia, vitu ambavyo havitoi zebaki ya kulinganishwa na makaa. Maana yake, ukifunga enaji seva Mwanakwerekwe au Wete hupunguzi zebaki popote. Unaiingiza kisiwani, ikiwa imefungwa kwenye kioo chembamba, na kisiwa ndicho kitakachobaki nayo. Ukiondoa hoja hiyo, enaji seva inabakiwa na uniti ilizookoa mbele ya glopu ya waya, na LED inaokoa zaidi.

Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017 na ambao Tanzania imo, zilikubaliana kuwa enaji seva zenye choki ndani yake, za wati 30 kwenda chini, zisitengenezwe wala kuingizwa au kutolewa nchini baada ya mwaka 2025. Tyubu zinafuata: zile za unga wa kizamani 2026, na za unga wa rangi tatu 2027. Tahadhari kwa mnunuzi ni kuwa mzigo unaofungiwa milango kwengine hutafuta soko la mwisho kwa bei ya kutupa. Ukiona enaji seva kwa rundo na bei imeshuka ghafla, na boksi halina alama ya Hg (yaani zebaki) wala idadi ya miligramu, iache.

Ikivunjika

Si kila taa huvunjika kwa kuanguka. Nyengine zinavunjika mkononi mwa anayezibadilisha. Hewa ya chumvi inakula springi na pini za holda mpaka taa inashika. Mtu anakamata ule msokoto wa kioo, anazungusha kwa nguvu, kioo kinakatikia pale kinapoingia kwenye plastiki. Zima swichi, zima na swichi kuu, ngoja dakika kumi hadi kumi na tano ipoe, kisha shika kitako cha plastiki kwa kitambaa kikavu. Ya pini isukume juu kwanza ndipo uzungushe. Ikikataa, usishindane nayo: fungua holda nzima, nyaya zake zitazame na mpya ifungwe. Holda haifiki thamani ya usumbufu wa kusafisha chumba.

Ikishavunjika, la kwanza ni kuzima feni na kiyoyozi, kwa sababu vinasambaza unga na mvuke. Watoe watoto na paka. Fungua madirisha, funga mlango unaoingia vyumba vyengine, utoke dakika kumi. Fagio la njukuti liache ukutani. Kila njukuti inabeba unga, na siku ya pili utaufagilia jikoni. Mashine ya kuvuta vumbi ni mbaya zaidi, inaupuliza unga hewani kupitia mfuko wake.

Vaa glavu au mifuko ya nailoni mikononi. Kusanya vigae kwa vipande viwili vya boksi gumu, kimoja kikisukuma na kimoja kikipokea. Unga na chembe ndogo zibandue kwa selotepu, upande wa gundi ukigusishwa sakafuni na kuinuliwa, usiburuzwe. Malizia kwa karatasi za tishu zilizotiwa maji. Kila kitu, pamoja na boksi, selotepu, tishu na glavu, kitie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kuzungusha, kama ya jemu au ya achari. Mfuko wa plastiki wa kawaida hupitisha mvuke polepole, kwa hiyo ni wa dharura tu. Chupa itoe nje ya nyumba mara moja, mbali na watoto na jua kali, kisha nawa mikono. Dirisha libaki wazi kwa saa kadhaa.

Sakafu ya saruji au marumaru inasafishika vizuri. Mkeka wa ukili ndio mgumu. Unga unaingia katikati ya suka, ukiukung'uta ndani ya nyumba unaurudisha puani. Ukunje taratibu pale pale ulipo, upande ulioangukiwa uwe ndani, uutoe nje. Kama taa imemwagika yote juu yake, mkeka huo ni wa kutupwa. Shuka au foronya iliyoangukiwa na vigae nayo itupwe, isitiwe kwenye mashine ya kufulia, kwa sababu unga unabaki kwenye mashine na kwenye maji yanayotoka. Nguo zilizokuwa chumbani tu, bila kuguswa na unga, zifue kama kawaida. Chakula kilichokuwa wazi chini ya taa ya jikoni kimwage.

Enaji seva inayokufa hutoa harufu ya plastiki kuungua na kitako chake hugeuka rangi ya kahawia. Hiyo ni saketi ya ndani iliyoungua. Kioo kikiwa kizima, zebaki haijatoka. Vivyo hivyo weusi wa kwenye ncha za tyubu ni dalili kuwa nyuzi za ndani zimechakaa, wala si zebaki inayovuja.

Jaani, ardhini, baharini

Taka za Mjini huishia jaa la Kibele, na vijijini nyingi haziondoki uani, huchomwa. Kuchoma taa ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa kuwa moto unaigeuza zebaki yote kuwa mvuke kwa dakika chache, mbele ya anayechochea. Watoto wanaookota tyubu na kupigana nazo kama panga wanapata dozi yao hapo hapo, juu ya kukatwa na kioo.

Zebaki inayobaki chini kwa kawaida hushikana na udongo. Tatizo letu ni kwamba sehemu kubwa ya Unguja ya mashariki na kusini ina udongo mwembamba juu ya jiwe la matumbawe lenye matundu, na maji tunayokunywa yanatoka humo humo, kwenye visima na mapango. Ardhi hii haichuji kama udongo mnene wa bondeni. Ikifika pwani hali hubadilika: kwenye tope jeusi la mikoko, ambako hewa haipenyi, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili. Hiyo ndiyo iliyowaua na kuwalemaza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga maji machafu kwenye ghuba. Inapanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa na kujikusanya. Papa, nduaro na jodari wakubwa hubeba nyingi kuliko dagaa.

Taa moja ya Bububu haitamtia sumu jodari, na anayesema hivyo anatia watu hofu bure. Lakini zebaki haiozi wala haitoweki. Kinachofukiwa mwaka huu kinaongezeka juu ya cha mwaka jana, na visiwa hivi vinakula samaki kila siku.

LED nayo ina lawama zake

Haina zebaki, lakini si taka safi. Ina lehemu, ambayo kwa taa za bei rahisi mara nyingi ina madini ya risasi, ina kapasita na alumini. Iliyokufa iende pamoja na simu na redio mbovu, isitiwe kwenye taka za jikoni.

Kasoro kubwa ni ubora. LED mbovu inayokufa baada ya miezi minne haikuokoi kitu. Vipande vya mwanga huwa havijafa. Kilichokufa ni draiva, ile saketi ya kitakoni, na mara nyingi kapasita yake imevimba kwa joto. Ndiyo maana LED ya kawaida iliyofungiwa ndani ya kibakuli cha kioo kisichopumua haidumu. Kwa umeme wetu unaoshuka saa za jioni na kuruka unaporudi, tafuta yenye maandishi 85–265 V au 100–240 V. Iliyoandikwa 220–240 V tu itapepesa umeme ukishuka. Umeme ukikatika, zima swichi za taa na uziwashe dakika chache baada ya kurudi.

Kuna njia ya kujua kama wati zilizoandikwa ni za kweli. Tazama uso wa mita yako pameandikwa imp/kWh ngapi, yaani kijitaa chake kinamweka mara ngapi kwa uniti moja. Nyingi ni 1000. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji pamoja, kisha washa glopu kumi za aina moja zilizoandikwa wati 9. Jumla ni wati 90, na kijitaa chekundu cha mita kitamweka mara moja kila sekunde 40. Kikichukua sekunde 60, taa zinakula wati 6 kila moja, na mwanga uliolipia haumo. Kwa mita ya imp 800 muda sahihi ni sekunde 50.

Lawama ya mwisho ni ya ufukweni. LED nyeupe ya 6500 K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga) ina mwanga mwingi wa buluu, na watoto wa kasa na ng'amba wanapototolewa usiku hufuata upande unaong'aa zaidi. Zamani ulikuwa ni upeo wa bahari. Wakiona ukuta wa hoteli wanapanda juu badala ya kuteremka majini, na jua huwakuta huko. Kwa taa zinazoonekana kutoka pwani, hasa maeneo ya jirani na visiwa vya Mnemba na Misali, funga za rangi ya kaharabu, zielekee chini na ziwe na kifuniko. Nyeupe ya joto ya 2700 K ni afadhali tu, bado ina buluu ndani yake.

Chumba kwa chumba

Anza kubadilisha pale ambapo kioo kinaweza kuvunjika karibu na mtu: chumba cha watoto, jikoni, taa ya mezani, na chumba cha mgonjwa. Msalani pia, kwa sababu nyengine: enaji seva huchakaa kila inapowashwa, na taa ya kuwashwa mara ishirini kwa siku haifiki hata nusu ya saa zake. Barazani na uani weka LED iliyokingwa mvua, ya 2700 K au 3000 K. Sebuleni kwenye dari ndefu ya boriti, ambako enaji seva bado inawaka vizuri na hakuna anayeifikia, iache imalize umri wake. Kuing'oa leo hakupunguzi zebaki hata chembe, kunaileta jaani mapema tu. Anayetumia sola asifikirie mara mbili: LED ya 12 V ndiyo pekee inayoingia kwenye hesabu ya betri.

Kwa tyubu una njia mbili. Ukiwa na choki ya chuma, ile nzito, nunua tyubu ya LED ya wati 18 inayokuja na stata yake ya bandia. Toa stata ya zamani, weka mpya, weka tyubu. Ni kazi ya dakika mbili, lakini choki inabaki na kuendelea kula wati moja au mbili. Njia ya pili ni kuiondoa choki na kupeleka umeme moja kwa moja, na hii ni ya fundi. Swichi kuu izimwe, testa ihakikishe, kisha mchoro ulioko kwenye boksi la tyubu ufuatwe, kwa kuwa baadhi hupokea laini na nyutro upande mmoja na nyengine ncha moja kwa kila waya. Fundi aandike kwa kalamu ya wino wa kudumu juu ya fremu: LED TU. Bila hivyo, atakayekuja baadaye ataweka tyubu ya zamani kwenye umeme usiopitia choki, na inaweza kumpasukia usoni.

Zilizokufa zikae wapi

Nyumba moja inatosha boksi moja gumu. Rudisha kila enaji seva kwenye kiboksi chake au izungushie gazeti, panga zikiwa zimesimama, andika juu "TAA ZA ZEBAKI" na uweke mahali pakavu ambapo hapapigwi teke. Uliza kwa sheha, kwenye baraza la manispaa au la mji, au Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA) namna ya kuzikabidhi, na zikae nawe mpaka upate jibu. Skuli, hospitali na hoteli zinazobadilisha mamia kwa wakati mmoja ziandike kwenye mkataba wa ununuzi kuwa aliyeleta LED atazichukua za zamani zikiwa nzima, kwa idadi. Tyubu zirudi kwenye maboksi yaliyoleta mpya, kwa sababu urefu ni ule ule. Mfanyakazi asiambiwe azivunje ili zipungue nafasi, wala zisifungwe kwa kamba na kupakiwa nyuma ya pikapu bila boksi. Kwenye tuta la kwanza zitakuwa zimeshapasuka.